Mtoto Asiyeona Asingoje Miaka Saba

Leo twataka kusema nanyi wazazi juu ya mtoto ambaye katika nyumba nyingi hasemwi. Ni mtoto aliyezaliwa haoni, au aliyepofuka angali mdogo. Kutoka Kiriba na vijiji vya Majita kando ya Ziwa Victoria, kupita Bunda na Butiama, hata majimbo yote ya nchi yetu, wapo wazazi wenye mtoto wa namna hii, na wengi wao husema: "Akikua tutampeleka shule ya wasioona." Maneno hayo ni mema kuliko yale ya zamani, ya kusema kwamba mtoto huyo hafai kitu. Hata hivyo yana kosa moja kubwa ndani yake, na kosa lenyewe ni hilo neno "akikua". Kumngoja akue ndiko kunakomharibia shule kabla hajaiona.

Watu wa Mara hawana sababu ya kusema shule hakuna. Shule ya Msingi Mwisenge, mjini Musoma, huwapokea watoto wasioona na kuwafundisha kusoma na kuandika kwa vidole. Ndiyo shule ile ile aliyoingia Julius Nyerere mwaka 1934, alipotoka kwao Butiama akiwa na umri wa miaka 12. Basi huenda mzazi akatujibu: "Ikiwa Mwalimu alianza shule ana miaka kumi na miwili, na mwisho akaongoza nchi, kuchelewa kwa mwanangu kuna ubaya gani?"

Jibu letu ni hili. Nyerere alipofika Mwisenge alikuwa mgeni wa kalamu, lakini hakuwa mgeni wa dunia. Alikuwa amechunga mifugo ya baba yake, amewaona wazee wakikaa barazani, ameona mvua ikija kutoka mbali, ameona jinsi kitu kikubwa kinavyokuwa kidogo kikienda mbali. Macho yake yalikuwa yamemfundisha miaka kumi na miwili bila ada. Mtoto asiyeona aliyekalishwa mkekani miaka saba hakufundishwa na mtu wala na macho. Hao wawili, ijapokuwa wote wameitwa "wamechelewa", hawafanani kabisa.

Macho ni mwalimu asiyelipwa

Mtoto aonaye husoma mchana kutwa pasipo kuitwa darasani. Humwona mama akitwanga, akajua ya kwamba mlio ule ni wa mchi, na ndani ya kinu mna muhogo, na unga ule jioni utakuwa ugali. Huwaona wavuvi wakirudi, na dagaa wakimwagwa juani wakauke. Huona jinsi wakubwa wanavyoamkiana, jinsi mgeni anavyopewa kigoda, jinsi dada anavyofunga mtoto mgongoni. Hakuna aliyemkalisha amfundishe hayo.

Mtoto asiyeona yumo katika nyumba hiyo hiyo, lakini mambo humfikia vipande vipande. Husikia mlio wa mchi, wala hajui mchi ni kitu gani. Hula samaki, wala hajapata kumshika samaki mzima mwenye kichwa, magamba na mkia. Kwake samaki ni mnofu laini uliomo bakulini, tena wenye miiba. Sauti humjia kutoka asikokujua, ikakoma asijue imekwenda wapi.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Selma Fraiberg, aliwafuata watoto kumi wasioona tangu uchanga wao, na mwaka 1977 akatoa kitabu juu yao. Alionyesha jambo ambalo kila mzazi yampasa alijue. Mtoto aonaye, afikapo miezi mitano hivi, hunyoosha mkono akamate kitu akionacho. Mtoto asiyeona hanyooshi mkono kuifuata sauti ya kitu mpaka mwaka wake wa kwanza unakaribia kwisha, maana bado hajatambua ya kuwa penye sauti pana kitu cha kushikwa. Na asiponyoosha mkono hatambai, kwa kuwa hakuna kinachomwita mbele. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Humwona ametulia, mikono ameikunja karibu na mabega, wakasema ni mpole, au akili yake ni pungufu. Akili yake haina neno. Amekosa tu sababu ya kwenda. Wazazi wale walipoonyeshwa namna ya kumwita mtoto kwa sauti na kwa vitu vya kushika, watoto wao walisogea na kutembea mapema kuliko wasioona waliokosa msaada huo.

Mtoto asiyepewa kazi hujitafutia yake. Hujitikisa mbele na nyuma saa nzima, au hubonyeza macho kwa vidole. Wako wanaodhani kwamba amepagawa. Sivyo, mara nyingi ni mwili wenye njaa ya mwendo na akili yenye njaa ya mambo. Mpe cha kushika na mahali pa kwenda, nayo mazoea hayo yatapungua.

Mfano wa fundi wa Coupvray

Katika kijiji cha Coupvray, nchi ya Ufaransa, mwaka 1809 alizaliwa mtoto aliyeitwa Louis Braille. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu aliichezea msharasi ya baba, ikamchoma jicho. Ugonjwa ukavuka hata jicho la pili, na alipotimiza miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Baba yule hakumficha mwanawe. Alimchongea fimbo, akamzoeza kwenda peke yake kijijini. Alimpa kazi ndogo ndogo za mikono katika karakana ile ile iliyompofusha. Alipigilia misumari yenye vichwa vya duara katika umbo la herufi, mtoto azisome kwa vidole. Mwaka 1815 alikuja paroko mpya, Padre Jacques Palluy, akamfundisha mtoto, kisha akamwomba mwalimu wa kijiji ampokee darasani pamoja na watoto waonao. Mwaka 1819, akiwa na miaka kumi, Louis alipelekwa Paris katika shule ya vipofu. Miaka mitano baadaye, kijana wa miaka 15, alikuwa amekwisha kutunga yale maandishi ya nukta sita ambayo sisi huyaita nukta nundu, ambayo sasa husomwa na wasioona wa dunia nzima.

Tazameni jambo hili vema. Kabla hajafika Paris mtoto huyo alikuwa amekwisha pita shule tatu: mikono ya baba yake, mafundisho ya paroko wake, na darasa la kijiji. Paris ilimpokea mtoto mwenye vidole vilivyozoea kazi na miguu iliyozoea njia. Je, lau baba yake angalimkalisha kwa huruma miaka ile yote, Paris ingempokea nani?

Katika Afrika ya Mashariki shule za wasioona zilianza na watoto wa umri wa kusoma. Thika katika Kenya ilianza mwaka 1946. Buigiri, karibu na Dodoma, ilianzishwa na Waanglikana mwaka 1950. Katika miaka ya 1960 zikafuata nyingine, kama Furaha ya Wakatoliki huko Tabora, na Irente ya Walutheri huko Lushoto. Shule hizi zimefanya kazi ya kusifiwa. Lakini ile miaka ya kwanza, tangu kuzaliwa hata kufika lango la shule, haikuwa mikononi mwake. Ilikuwa mikononi mwa wazazi, na mpaka leo iko mikononi mwao.

Masomo ya nyumbani

Yafuatayo hayahitaji fedha. Yahitaji subira, na watu wote wa nyumbani, yaani baba, mama, bibi, shangazi na ndugu wa mtoto, wafanye namna moja.

Kwanza, sema kabla ya kumgusa. Mtoto aonaye huuona mkono wako ukija, asiyeona hushtuka. Mwite kwa jina lake, useme: "Ni bibi, nakubeba." Na utokapo mwambie kwamba unatoka. Mtu anayeondoka kimya humwacha mtoto akizungumza na ukuta.

Pili, mpe kitu mkononi pamoja na jina lake. Mtoto asiyeona aweza kujua maneno mengi matupu, akayarudia kama kasuku, na watu wakasifu. Usisifu neno asilolijua kwa mkono. Mpe sato mzima kabla hajapikwa. Mpe kuku aliye hai, ampapase mbawa, kisha yai lake. Mpeleke shambani ang'oe muhogo na udongo wake, aumenye pamoja nawe, aushike umekauka, auguse unga, asonge ugali kidogo mkono wako ukiwapo. Siku hiyo neno "ugali" litakuwa na maana. Tena usimkamate mikono na kuisukuma kwa nguvu. Weka mkono wako chini ya mkono wake, ili yeye aufuate kwa hiari yake. Mikono yake ndiyo macho yake, na hakuna apendaye kufumbuliwa macho kwa nguvu.

Tatu, mpe mahali. Mtungi ukae pale pale kila siku, na kata ya kuchotea, na kigoda, na viatu vyake. Anayehamisha kitu amwambie. Funga kamba kutoka mlangoni hata chooni, aifuate kwa mkono mpaka miguu imejua njia yenyewe. Mfundishe alama: jua la asubuhi li upande gani wa uso, upepo wa ziwa watoka wapi, udongo wabadilika wapi chini ya nyayo. Akizijua mapema, siku atakapopewa fimbo nyeupe shuleni itakuwa kama kuongezewa mkono tu.

Nne, mpe kazi. Apukuchue mahindi, achambue maharage, aoshe vikombe, akunje nguo zake. Ale mwenyewe, hata akimwaga. Avae mwenyewe, hata akichelewa. Kuna faida nyingine hapa isiyoonekana upesi. Vidole vilivyopukuchua mahindi vina nguvu ya kuandika nukta nundu, na vidole vilivyotenga choroko na kunde vimekwisha jifunza kutofautisha vitu vidogo, nayo ndiyo kazi yenyewe ya kusoma.

Tano, mwanzishie hesabu na herufi. Kete za bao zamtosha kuhesabu. Na mzazi aonaye aweza kujifunza nukta nundu kwa siku chache, maana msingi wake ni matundu sita, yaani safu mbili zenye matundu matatu matatu. Chukua trei ya mayai, ukate kipande chenye matundu sita. Safu ya kushoto, kutoka juu kwenda chini, ni nukta ya kwanza, ya pili na ya tatu; safu ya kulia ni ya nne, ya tano na ya sita. Weka kokoto katika tundu la kwanza peke yake: hiyo ni A. La kwanza na la pili: hiyo ni B. La kwanza na la nne: hiyo ni C. Kwa matundu hayo sita hupatikana alama 63, nazo zatosha herufi, tarakimu na vituo. Mtoto wa miaka mitano aweza kuucheza mchezo huu na dada yake kivulini.

Sita, mwache acheze na aanguke. Tia kokoto katika kopo, lifunge vizuri, wenzake wapate mpira unaolia naye aufuate. Moto, kisima na ziwa ni hatari kweli, kwake na kwa mtoto yeyote. Kwa hiyo mfundishe hatari, usimfungie ndani. Ausikie joto la moto kwa mbali akiwa nawe, ajue pa kusimama. Goti lililochubuka hupona kwa wiki moja, lakini woga uliopandwa kwa miaka sita haung'oki upesi.

Hapa tuwaambie wazazi neno zito kidogo. Mara nyingi kinachomdhuru mtoto huyu nyumbani si chuki. Ni upendo unaomlisha, unaomvika, unaomjibia maswali aulizwayo na wageni, na kusema, "Masikini, mwache." Upendo huo una machozi ya kweli. Lakini mtoto wa miaka saba asiyeweza kushika kijiko amefanywa mlemavu mara mbili, na mara ya pili haikuwa kazi ya ugonjwa.

Darasa la awali

Chini ya Sera ya Elimu ya mwaka 2014, mwaka mmoja wa elimu ya awali ni wa lazima nchini mwetu, na darasa lake huwa katika shule ya msingi ya karibu. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu kama wenzake. Basi mtoto asiyeona wa Kiriba ana nafasi katika chekechea ya Kiriba, wala mzazi haombi fadhili anapomwandikisha.

Wengine watasema kwamba mwalimu wa kijiji hakujifunza elimu ya wasioona, kama wale waliopita Chuo cha Patandi huko Arusha, tena ana watoto wengi darasani. Kwa hiyo ni afadhali mtoto apelekwe bweni la mbali mara moja. Hoja hii ina uzito, lakini hatukubaliani nayo kwa mtoto wa miaka minne au mitano. Umri huo ni wa kujua sauti ya mama, lugha ya nyumbani, njia za kijiji na majina ya jirani. Bweni lina wakati wake. Mwaka wa kwanza na ukae karibu na nyumbani, na mzigo wa mwalimu upunguzwe kwa njia zilizo wazi.

Mama au dada mkubwa akae naye darasani majuma ya kwanza. Mtoto aletwe siku moja kabla, darasa likiwa tupu, apapase kuta, mlango na madawati. Mwalimu aseme aandikayo ubaoni, aache maneno "hapa" na "pale", na kila mtoto ataje jina lake asemapo. Watoto wafundishwe kumpa mwenzao kiwiko akishike, wala wasimburute. Tena mzazi amwombe Mwalimu Mkuu na Afisa Elimu wa wilaya kutafuta shauri kwa walimu wa Mwisenge mapema, ili mtoto atakapohamia huko awe anatazamiwa.

Macho na yatazamwe kwanza

Hayo yote hayaondoi wajibu wa hospitali. Mtoto mchanga ambaye akiwa na miezi mitatu hautazami uso wa mama yake, au mboni yake yaonekana nyeupe taa ikimulika, apelekwe kwa daktari wa macho pasipo kuchelewa. Weupe huo waweza kuwa mtoto wa jicho, ambao hupasuliwa, na upasuaji hufaa zaidi ukifanywa mapema. Waweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo huua ikiachwa. Kwa watu wa Mara, Hospitali ya Bugando huko Mwanza ndiyo ya karibu miongoni mwa zile kubwa. Ziko pia KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam. Msitie machoni maji ya majani wala dawa ya mtu yeyote asiye tabibu. Chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18, na matone ya vitamini A kila miezi sita, huokoa macho ya wengi.

Tena si kila aitwaye kipofu yu gizani kabisa. Wengi wana uoni kidogo, na uoni huo hukua kwa kutumiwa. Watoto wenye ualbino karibu wote huona kwa shida. Wakae mbele darasani, mbali na mwanga mkali wa dirisha, wavae kofia, waandikiwe kwa herufi kubwa nyeusi. Watoto hao walipata mateso makuu katika mikoa ya Ziwa tangu mwaka 2006 hivi, wakawindwa kwa ajili ya ushirikina. Kijiji kinachomlinda mtoto huyu katika njia ya kwenda shule kinafanya kazi ya elimu.

Na aibu je? Wako wanaonong'ona kwamba mtoto haoni kwa sababu ya dhambi ya mama, au laana ya ukoo. Someni Injili ya Mtakatifu Yohane, sura ya tisa. Mitume wenyewe waliuliza swali hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, na Bwana wetu alikana kwamba yeye au wazazi wake walikosa. Mkristu anayelirudia neno hilo la laana analirudisha swali ambalo Bwana wake alikwisha lijibu.

Basi, ninyi baba, mtoto huyu asiachiwe mama peke yake. Mpeleke shambani na pwani, ajue kasia na wavu kwa mkono wake. Ninyi mama, mpeni kijiko, hata akimwaga. Ninyi jirani, msimwamkie mama yake tu na kumpita yeye. Mwamkieni, mngoje ajibu. Shule hufunguliwa mwezi wa Januari. Aliyetimiza umri aandikishwe kijijini kwake, na aliye mchanga aanze leo, kwa sauti inayomwita na kitu cha kushika upande ule sauti itokako.